Mpiga pasi anayefundisha kupumua, na mashine iliyofunikwa shuka

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wanawake tisa na wanaume wawili wameketi juu ya marobota ya mashuka machafu, kila mmoja ameziba tundu moja la pua kwa kidole gumba.

Hakuna anayecheka. Anayetamani kucheka ni mwandishi wa makala haya peke yake, naye anajizuia kwa sababu ni mgeni na amekaribishwa chai.

"Wenye pumu kwanza," anasema mwanamke aliyesimama mbele yao. "Inhela juu."

Mikono miwili inainuka, kila mmoja umeshika kichupa cha dawa ya kuvuta. Mwanamke anavitazama vyote viwili, anatikisa kichwa kukubali, kisha darasa linaanza.

"Vuta kushoto. Moja, mbili, tatu, nne. Ziba. Toa kulia, moja mpaka sita. Wewe unayetoa kwa haraka unakimbilia wapi? Boila bado haijachemka."

Boila kweli haijachemka. Hiki ni kiwanda cha udobi kinachofulia hoteli na hospitali, na kila asubuhi boila huchukua dakika ishirini kupata moto. Kabla ya hapo mashine za pasi hazina mvuke na hakuna kazi ya kufanya. Zamani dakika hizo zilikuwa za umbea. Siku hizi ni za kupumua.

Anayefundisha ana miaka hamsini na mmoja, aproni ya bluu iliyopauka na viatu vya mpira. Wenzake wamembandika jina la Mama Pumzi. Yeye ndiye mpiga pasi wa mashine namba moja.

Mashine namba mbili iko hatua mbili kutoka kwake, na imefunikwa shuka jeupe lililonyooshwa vizuri. Miezi mitatu sasa haijaguswa. Ilikuwa ya mdogo wake wa kuzaliwa, ambaye siku moja alianguka pale pale akikosa hewa na kubebwa mzobemzobe hadi hospitali. Mpaka leo hajarudi kazini, na kwa dada yake hakanyagi.

Msimamizi wa kiwanda ametoa neno lake: mdogo mtu asiporipoti Jumatatu ijayo, namba mbili itapewa mtu mwingine.

Mwandishi hakufika hapa kwa kupenda yoga. Alifika kwa sababu ya barua ya msomaji isiyo na jina, iliyosema kuna mama anawafundisha watu kupumua mpaka mmoja wao amelazwa. "Njooni muone wenyewe," ilimalizia.

Hebu tuambizane ukweli. Kupumua nani hakujui? Mtoto hutoka tumboni mwa mama yake akijua, bila mwalimu wala cheti. Mtu mzima akikwambia atakufundisha kuvuta hewa, ni haki yako kushika mfuko wako vizuri. Kwa hiyo mwandishi alikuja na maswali yake mkononi. Je, anatoza? Anauza mafuta, chumvi, dawa za mitishamba? Ni dini mpya? Na kama si hayo yote, anatafuta nini?

"Ada yangu ni kutochelewa," anajibu Mama Pumzi. "Ukichelewa unatukatiza hesabu."

Hauzi kitu. Mwandishi aliwauliza watu sita, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walitoa jibu hilo hilo. Hilo nalo lilimtia shaka, maana watu sita kukubaliana juu ya jambo lolote ni muujiza.

Hata msimamizi aliwahi kuwa na wasiwasi. Ni mwanamume mrefu asiyevua miwani, naye anakiri bila haya. "Niliona watu wamekaa duara asubuhi, nikasema hapa mgomo unaiva. Nikaenda kukaa nao siku tatu nisikilize njama."

Alisikia nini?

"Nililala usingizi. Siku zote tatu."

Mama Pumzi aliingia udobi miaka ishirini na miwili iliyopita. Kwa siku hunyoosha mashati mia na arobaini, au mashuka sitini siku za mashuka. Chumba chao hufika joto la nyuzi thelathini na nane ifikapo mchana, na harufu ya wanga na dawa ya kung'arisha nguo haitoki hata ukioga mara mbili.

"Nilikuwa mtu wa hasira," anasema huku akilaza kola ya shati. "Moyo unanienda mbio nikiwa nimesimama tu. Nikifika nyumbani nagombana na kila kitu, mpaka sufuria."

Wakati huo kiwanda kilikuwa kikifulia taulo za ukumbi mmoja wa yoga uliokuwa ghorofa ya pili, jengo la jirani. Yeye ndiye alikuwa akizipeleka safi na kusubiri chafu. Kusubiri huko kulimaanisha kusimama kwenye korido na kapu lake mpaka wenye kulipa wamalize kupumua.

"Miezi minne nilisimama pale, mlango umeachwa wazi kidogo. Mwalimu akisema vuta, navuta. Ningefanya nini kingine? Nilikuwa sina hata pa kukaa."

Anasema siku moja mwalimu alifungua mlango wote akamwambia, "Wewe wa taulo, unapumua vizuri kuliko hawa wanaolipa. Ingia." Akaingia. Alihudhuria miaka miwili bila malipo, kila alipopeleka taulo.

Mwandishi amejaribu kumtafuta mwalimu huyo ili kuthibitisha sifa hizo. Ukumbi ulishafungwa, na sasa pale juu yanauzwa magodoro. Muuza magodoro hajui lolote kuhusu pumzi.

Anachofundisha si kingi. Kuna kupumua kwa tumbo, ambako mtu huweka kiganja chini ya kitovu na kuhakikisha mkono unasukumwa nje anapovuta hewa. Kuna kubadilisha matundu ya pua, kule kwa asubuhi. Kuna mvumo wa nyuki, ambapo mtu hufumba mdomo na kuvuma polepole anapotoa hewa. Wafanyakazi wa mashine za kufulia wanasema huwapunguzia kichwa kuuma baada ya kelele za kutwa. Na iko kanuni moja juu ya zote: kutoa hewa kuwe kwa muda mrefu kuliko kuivuta.

"Kuna ile ya kupuliza haraka haraka kama mivukuto ya mhunzi," anasema. "Hiyo sifundishi. Inatia kizunguzungu, na sisi tunasimama karibu na chuma cha moto."

Daktari mmoja wa magonjwa ya kifua, ambaye mwandishi alimpelekea maelezo haya yote akitumaini kuyasikia yakichanwa, hakuyachana. "Kupumua polepole humtuliza mtu, hushusha mapigo ya moyo, na baadhi ya watu hulala vizuri zaidi," alisema. "Lakini pumu haitibiwi kwa kuhesabu. Dawa ibaki mfukoni. Na mwenye pumu asivute mvuke wa kemikali, awe anahesabu au hahesabu."

Sentensi hiyo ya mwisho mwandishi aliiandika kwenye daftari bila kuijali sana. Ingemrudia baadaye.

Kwanza alitaka kumpima mwenyewe. Alisimama karibu na namba moja, akajifanya anasoma tangazo la usalama ukutani, na kuhesabu kwa saa yake. Mama Pumzi alipumua mara saba kwa dakika, huku akinyoosha shati. Mwandishi, ambaye alikuwa hafanyi kitu, alipumua mara kumi na tisa.

Alhamisi alirudi bila kupiga hodi wala kutoa taarifa. Mara saba tena.

"Unanihesabu," Mama Pumzi alisema bila kuinua macho. "Hesabu tu, ndugu yangu. Haipungui."

Lazima isemwe kwamba utulivu wa namna hiyo unaudhi kidogo. Mtu asiyetikisika kwa lolote, ama ameivuka dunia ama kuna kitu amekikalia. Mwandishi akamuuliza kuhusu mdogo wake.

"Hakubeba inhela," alijibu haraka. "Ana pumu tangu utotoni, anajua. Mtu wa pumu bila inhela ni gari bila breki. Ndiyo maana siku hizi naanza kwa kuwakagua."

Jibu lilikuwa safi, na hata lilieleza ule mtindo wa "inhela juu". Habari ingeweza kuishia hapo.

Lakini mpiga pasi wa namba tano, mama wa mapacha, alikuwa na maneno yake. Alianza kwa kusifu. "Mimi nilikuwa mtu wa kufoka, waulize wanangu. Sasa wakivunja kitu nahesabu kwanza. Wakati mwingine nikimaliza kuhesabu wameshakimbia."

Mwandishi akamuuliza kama wanapumua kwa hesabu asubuhi tu.

"Hapana, tunapumua na mashine kutwa nzima. Ndivyo alivyotufundisha, kila mtu na mashine yake." Akaonyesha. Alikanyaga pedali, kifuniko cha chuma kikashuka juu ya shati, akavuta hewa kwa utulivu. Akaachia pedali, kifuniko kikafunguka, mvuke ukapanda usoni pake, naye akatoa hewa yote kwa mdomo, polepole. "Ikifunga, vuta. Ikifunguka, toa. Zamani ilikuwa kinyume, ikifunguka ndiyo tunavuta. Akabadilisha. Alisema hili ni darasa la pili."

Alibadilisha lini?

Mama wa mapacha alifikiri. "Wiki ile ile mdogo wake alipolazwa. Au iliyofuata."

Mwandishi alirudi mbele ya mashine na kutazama vifuniko vikifunguka kimoja baada ya kingine, mvuke mweupe wenye harufu ya dawa ukipanda kufikia nyuso za watu. Hapo sentensi ya daktari ikarudi. Kwa hesabu ya zamani, kila mtu humu ndani alikuwa akivuta pumzi ndefu wakati ule ule mvuke unapopanda.

Mdogo mtu anaishi chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu. Ana miaka thelathini na tisa na siku hizi anashona vifungo vya mashati ya shule, kazi ya kumpatia chakula na si zaidi. Alifungua mlango nusu na kubaki ameushika.

"Amekutuma?"

"Hakunituma."

"Basi nani kakwambia ninapokaa?"

Alipoambiwa ni msimamizi alifikiri kidogo, akaachia mlango. Kabla mgeni hajakaa, aliingiza mkono mfukoni na kutoa inhela.

"Najua amekwambia nini, kawaambia watu wote. Siku ile hii ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliivuta mara mbili kabla ya chai. Wiki nzima nilikuwa namwambia, Dada, tukipumua na mashine kifua kinanibana. Akanijibu, unapumua juu juu, vuta zaidi. Nikavuta zaidi."

Aliendelea kushona kifungo alipokuwa akisema haya, na hakukosea tundu hata moja.

"Yeye ndiye aliyenilea tangu mama afariki, mimi nikiwa wa miaka saba. Dada akisema vuta, mimi navuta. Kukosea sikumlaumu. Nani hakosei? Lakini nimetoka hospitali siku ya nne, nakuta kiwanda kizima kinaniambia, pole, ila wewe nawe mzembe, inhela unaachaje nyumbani?"

Daktari wake amemruhusu kurudi kazini kwa masharti: barakoa usoni, dirisha la nyuma yake libaki wazi, inhela mfukoni. Namba mbili ndiyo riziki yake ya miaka kumi na miwili. Lakini naye ana sharti lake moja.

"Aseme. Si kwangu chumbani, si kwa simu. Aseme mbele ya wale wale aliowaambia mimi mzembe."

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya mchana, mwandishi alimkuta Mama Pumzi peke yake akikunja foronya. Akamuuliza kwa nini hesabu ya mashine iligeuzwa.

"Lilikuwa darasa la pili."

"Darasa la pili lilianza lini?"

Alitazama shuka jeupe lililo juu ya namba mbili. Mwandishi anaona aibu kuandika kwamba aliangalia saa, lakini aliangalia. Mara ishirini na mbili kwa dakika, kifuani, juu juu.

"Siku ya pili alipolazwa nilisimama pale kwake," alisema hatimaye. "Nikafanya kama nilivyomfundisha. Kifuniko kikafunguka, nikavuta mpaka chini. Ile dawa ikaniingia, machozi yakanitoka. Na mimi sina pumu. Nikajua."

"Ukamwambia nani?"

"Nikageuza hesabu."

"Hukumwambia mtu."

"Nikageuza hesabu," alirudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Wala hakuwa hajui habari za inhela. Yeye ndiye aliyeitoa mfukoni mwa aproni na kuikabidhi hospitali. Lile neno la uzembe alilisema kesho yake, alipoulizwa na wenzake mbele ya boila, na halikumchukua hata muda wa pumzi moja.

"Watu wakigombana humu wanaletwa kwangu," alisema. "Nikajiambia, nikikubali kuwa mimi ndiye niliyemlaza mdogo wangu, nani atakaa tena kwenye robota anisikilize? Nilikuwa na hesabu yangu ya kujivunia, ndugu mwandishi. Kupumua na mashine hakuna aliyenifundisha. Nilikubuni mwenyewe." Akachukua foronya nyingine. "Mficha maradhi."

Methali hakuimalizia. Kila mtu anajua inavyoisha, na safari hii ilikuwa karibu iishe vile vile.

Mwandishi alikuja akimdhania utapeli, na anakiri kwamba ukweli alioukuta ulimhuzunisha kuliko utapeli. Tapeli unamfichua unaenda zako. Huyu ni mwalimu mzuri, pumzi yake inawafaa watu, na amemdhulumu mtu aliyemlea kwa mikono yake.

"Andika," Mama Pumzi alisema. "Andika inhela ilikuwa mfukoni. Andika mimi ndiye niliyehesabu vibaya, na aliponiambia kifua kinambana nikamwambia avute zaidi. Halafu niletee gazeti. Jumatatu kabla boila haijapata moto nitawasomea yote, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho."

Kwa nini asiseme tu kwa kinywa chake?

"Nikisema mwenyewe nitalainisha. Najijua. Gazeti halinijui."

Ameahidi pia kwamba hatalifungua kabla ya Jumatatu. Mwandishi hana hakika na ahadi hiyo, kwa kuwa hajawahi kukutana na mtu anayewekwa gazetini asijitafute usiku huo huo. Lakini ametimiza upande wake, na nakala itafikishwa kwenye mashine namba moja ikiwa imekunjwa.

Jumamosi asubuhi mwandishi alipita tena juu ya duka la fundi viatu kumpa mdogo mtu habari hizi. Mlango ulifunguka nusu, kama kawaida yake.

"Kusema atasema? Dada yangu anajua sana kusema," alijibu. "Nitakuja nisimame mlangoni, upande wa nje. Nikilisikia neno inhela na neno mfukoni, nitaingia. Nisipoyasikia, nageuza, na hiyo mashine wampe wanayemtaka."

Mwandishi alikuwa ameshageuka kushuka ngazi alipogundua kitu. Karibu na dirisha lililo wazi, juu ya sakafu tupu, palikuwa na robota dogo la mashati ya shule, limebonyea katikati kama kitu kinachokaliwa kila siku. Akauliza.

Mdogo mtu aligeuka kulitazama robota.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi nakaa hapo," alisema. "Kila asubuhi. Nne kuvuta, sita kutoa. Kunanisaidia, nifanyeje? Niliacha kiwanda, kupumua kwake sikuacha."

Je, hilo nalo liandikwe?

"Liandike. Ila usiliweke juu. Liweke mwisho kabisa, alifikie akiwa ameshayasoma yale mengine yote mbele ya watu."

Basi limewekwa hapa.